Sugu na Lengelenge: Hisabati ya Nyuso Zinazojiponya Zikisuguliwa

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi, Kamukunji, Nairobi

Mabibi na mabwana, wazee wangu wa Kamukunji, mafundi, wanafunzi mliokuja na madaftari, na akina mama mlioacha vibanda vyenu asubuhi hii: itifaki imezingatiwa. Wenzetu hapo nje hawajaweka nyundo chini, wala sikuwaomba. Sauti yangu ikimezwa, niinulieni mkono.

Naomba mgeuze viganja vyenu mvitazame. Pale chini ya vidole, mahali mpini unapokaa, wengi wenu mna sugu. Mzee aliyeketi hapa mbele ana sugu ambayo ukiigonga kwa ukucha inalia kama ubao. Mimi sina. Kazi yangu ni chaki na kompyuta, na hilo naliungama mapema ili asitokee mtu wa kunikabidhi nyundo.

Sugu na sugua ni maneno ndugu. Waliotuachia lugha hii walitazama kiganja cha mkulima wakaona jambo la ajabu: kitu kimesuguliwa miaka na miaka, na badala ya kuisha, kimeongezeka. Sasa utazameni mpini. Mpini umebonyea, umeng'aa, umepungua. Kiganja na mpini vilisuguana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa nguvu ile ile, siku zile zile. Kimoja kilinenepa, kingine kikalika. Kwa nini? Hilo ndilo swali lililonileta hapa, na nitalijibu kwa hisabati, lakini hisabati ya methali mbili ambazo kila mtoto wa darasa la nne anazijua.

Ya kwanza: bandu bandu huisha gogo.

Ukiweka kipande cha chuma juu ya kingine, macho yanakwambia vimegusana uso mzima. Havijagusana. Chuma kilichosuguliwa kwa msasa laini kabisa, ukikiangalia kwa darubini kali, ni milima na mabonde. Vinavyogusana ni vilele tu. Bowden na Tabor, watafiti wa Cambridge, walilifafanua hili vizuri katikati ya karne iliyopita: vilele vinabonyea mpaka eneo lake litoshe kubeba mzigo, basi, havibonyei zaidi. Kwa hiyo kupata eneo la kweli la mgusano unagawanya mzigo kwa ugumu wa chuma. Chukua mzigo wa kilo kumi, yaani kama nyutoni 100, juu ya chuma laini cha kawaida. Jibu linatoka kama sehemu ya ishirini ya milimita moja ya mraba. Iwe kile kipande ni kikubwa kama kiganja au kama sahani, haijalishi. Mwaka 1699 Mfaransa Amontons alikuwa ameshatangaza kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa uso, na watu walisumbuka muda mrefu kujua sababu. Sababu ni hiyo: ukubwa tunaouona si ule unaobeba mzigo.

Halafu kiburute. Vilele vinakutana, vingine vinashikana, na mara chache, narudia, mara chache, kimoja kinang'oka. Mwaka 1953 Mwingereza Archard aliandika mlinganyo ambao hadi leo ndio tunaoanza nao: kiasi kinacholika ni eneo la kweli la mgusano, mara umbali wa kuburuta, mara namba moja ndogo inayosema ni mara ngapi mkutano wa vilele unaishia kwa kipande kung'oka. Chuma kikavu juu ya chuma, namba hiyo tuseme ni moja kwa elfu. Buruta kile kipande chetu kilomita moja. Zidisha: zinatoka milimita za ujazo 50, ambazo ni kama tone moja la maji. Tone la chuma kwa kila kilomita. Sasa tia mafuta mazuri, namba inaweza kushuka hadi moja kwa milioni kumi. Ili upoteze lile lile tone utaburuta kilomita elfu kumi, yaani kama kwenda Mombasa na kurudi mara kumi, na hapo nahesabu mwendo wa chuma juu ya chuma, si mwendo wa gari.

Angalieni kitu kimoja katika mlinganyo huo. Hauna alama ya kujumlisha. Ni kupungua tu. Mpini unaishi ndani ya mlinganyo wa Archard, na atakayeishi humo peke yake mwisho wake unajulikana. Kinachobaki kuhesabiwa ni tarehe.

Methali ya pili: haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ndiyo alama ya kujumlisha. Kiganja kina ngozi inayozaliwa chini na kupanda juu, kama mwezi mmoja hivi kutoka kuzaliwa hadi kubanduka, na ikisuguliwa inazaliwa kwa wingi zaidi. Basi tuandike mlinganyo mpya. Unene wa uso hubadilika kila dakika kwa haba, yaani kinachoota, tukitoa bandu, yaani kinacholika. Ndio huo. Wanafunzi wangu huandika kurasa nne kabla ya kufika hapo, lakini ni huo.

Najua wengine mmeshaanza kutazama simu, kwa hiyo tuingie kwenye maji. Kila mtu hapa amewahi kuwa na pipa linalovuja. Bomba la mtaa limefunguliwa, maji yanaingia kwa kasi moja. Chini kuna tundu, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo tundu linavyotoa kwa nguvu. Yatafika mahali yasimame. Hayajasimama kwa sababu hakuna kinachotokea. Yanaingia na kutoka kwa kasi sawa. Ukichota ndoo moja, kina kinashuka, kisha kinarudi palepale. Ukimwaga ndoo moja ndani, kinapanda, kisha kinarudi palepale. Hakuna aliyeliambia pipa kina chake ni kipi.

Uso unaojiponya ni pipa hilo. Tuseme filamu, yaani utando mwembamba, inaota juu ya chuma kwa nanomita 5 kila dakika (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na msuguano unaondoa asilimia 5 ya unene uliopo kila dakika. Gawanya 5 kwa 0.05. Filamu itatulia kwenye nanomita 100. Ikikwaruzwa ikabaki nanomita 40, pengo ni 60. Baada ya dakika 20 pengo limepungua hadi kama 22. Baada ya saa moja limebaki 3 hivi. Kidonda kimefunga, na mashine haijasimama hata sekunde moja. Namba hizi nimezichagua mimi ziwe rahisi kwa ubao, ila nanomita 100 sikuitoa hewani, na sasa nasema ilipotoka.

Ndani ya mafuta ya injini mnayomimina kila siku kuna kemikali yenye zinki, fosforasi na salfa, ambayo watu wa mafuta huiita ZDDP. Ilianza kutumika miaka ya 1940, na mwanzoni ilitiwa ili mafuta yasiharibike haraka na beringi zisiliwe na kutu. Baadaye ikagundulika kwamba inafanya kazi kubwa kuliko ile iliyoajiriwa: pale chuma kinaposuguana na chuma, inajenga filamu ngumu kama kioo, ya unene wa nanomita kama mia. Unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa filamu kama hizo 700. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichukua ncha ndogo mno, wakaizamisha ndani ya mafuta yenye kemikali hiyo na kuisugua juu ya chuma huku wakipima. Filamu iliota palepale ncha iliposugua. Na walipoongeza mgandamizo au joto, kasi ya kuota haikuongezeka kwa kujumlishwa. Ilizidishwa. Mfano wa ubaoni: kama nyuzi kumi za joto zinaifanya kasi kuwa mara mbili, basi ishirini zinaifanya mara nne, na thelathini mara nane.

Mmeliona jambo hapo? Joto na mgandamizo vinatoka wapi? Vinatoka kwenye msuguano wenyewe. Adui ndiye anayeleta matofali. Filamu haioti mahali palipotulia. Inaota mahali panapoumia, na inaota zaidi panapoumia zaidi. Halafu ikinenepa inakuwa kama mto wa kulalia katikati ya vile vyuma viwili, mgandamizo unapungua, na kuota kunapungua. Pipa limejifungia bomba lenyewe. Hiyo ni sugu kabisa, ila imeota ndani ya injini.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonitoa nyumbani, na hapa naomba hata wa nyuma wanisikie.

Kama msuguano unalisha filamu, je, tuzidishe msuguano? Mpe kijana wa mjini jembe, umwambie alime kutwa nzima. Jioni hatakuonyesha sugu. Atakuonyesha malengelenge. Mpini ule ule, ngozi ile ile ya binadamu. Aliyelima nusu saa kila siku kwa miezi mitatu ana sugu, na aliyelima saa kumi siku moja ana kidonda. Ule mlinganyo wangu wa pipa hauwezi kueleza tofauti hiyo, kwa sababu pipa hurudi kwenye kina chake kila mara. Modeli inayosema kila kidonda kitapona inadanganya, nami niliiamini muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kosa liko kwenye bandu. Nilisema msuguano unaondoa asilimia 5 kila dakika, kana kwamba ni hivyo siku zote. Si kweli. Filamu ikiwa nene, vilele vya chuma vimefunikwa, hasara ni ndogo. Ikiwa nyembamba mno, vilele vinatoboa, chuma kinakutana na chuma, vinashikana, vinang'oana, na hasara inaruka. Kwa hiyo pipa letu lina kituko: kina kikishuka chini ya alama fulani, tundu linapanuka. Chora mistari miwili ubaoni, mmoja wa haba na mmoja wa bandu, na utaona inakatana mahali pawili. Pa juu ni kituo. Ukisukumwa kidogo unarudi. Pa chini ni ukingo. Tuseme kituo ni nanomita 100 na ukingo ni 20. Mkwaruzo unaokuacha na 40 utapona. Mkwaruzo unaokuacha na 15 hautapona ng'o, hata ukiwa na mafuta bora kuliko yote duniani, kwa sababu sasa kinacholika kinakishinda kinachoota, na kila dakika inayopita kinakishinda zaidi. Uliokuacha na 40 ni sugu iliyochunika. Uliokuacha na 15 ni lengelenge.

Ongeza mzigo sasa. Matatu imebeba kupita kiasi inapanda mlima, au kijana wa bodaboda amebeba magunia matatu ya viazi na abiria juu yake. Kituo kinashuka: 100, 80, 60. Wakati huohuo ukingo unapanda: 20, 30, 45. Hakuna anayeona. Injini inaendelea kuunguruma. Kisha kituo na ukingo vinakutana, na vikikutana vinafutika vyote viwili. Hakuna tena mahali pa kutulia. Pistoni inaganda ndani ya silinda, na mwenye gari anakwambia, "Fundi, ilikuwa sawa mpaka asubuhi." Anasema kweli. Ilikuwa sawa mpaka asubuhi.

Lakini hesabu inatupa dokezo moja. Kadiri kituo kinavyokaribia ukingo, uso unachelewa kupona. Mkwaruzo uliokuwa ukifunga kwa dakika 20 unachukua 40, halafu saa, halafu masaa. Unene wenyewe unaweza kuonekana bado upo. Kinachobadilika kwanza ni muda wa kurudi. Kwa hiyo, kwa wale mnaotaka kuijaribu karakanani: msipime joto la beringi tu. Iongezeeni beringi mzigo kidogo, iondoleeni, halafu mpime inachukua muda gani kurudi kwenye joto lake la kawaida. Fanyeni hivyo kila wiki, muandike. Mafundi wazee wanalijua hili kwa sikio. Nimekaa na mmoja ambaye hababaishwi na kelele ya injini, anachosikiliza ni inachukua muda gani kunyamaza.

Na ndiyo maana injini iliyotobolewa upya na kutiwa ringi mpya huendeshwa polepole mwanzoni. Nimesikia vijana wakisema huo ni ushamba wa zamani. Hapana. Filamu ni sifuri, uko chini kabisa, na unataka kuupita ukingo kabla mzigo haujaja. Mzigo mdogo unaushusha ukingo na bado unaleta joto la kutosha kulisha filamu. Ni nusu saa za jembe kabla ya shamba zima.

Niwape sasa kisa cha kunicheka. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na pikapu iliyokunywa mafuta kuliko nilivyokunywa chai. Nikaenda kununua ringi, muuzaji mmoja akanionyesha chupa ndogo ya maji ya rangi ya dhahabu. Akasema ukiimimina humo, injini inajiponya. Nikamuuliza, "Hiyo filamu inaota kwa kasi gani, na inatulia kwenye unene gani?" Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe mimina tu." Na mimi, mwenye shahada ya mambo hayo, nikamimina. Pikapu iliendelea kunywa. Nilipoifungua, silinda ilikuwa imelika kama sehemu mbili za kumi za milimita. Gawanya hizo kwa unene wa filamu, nanomita 100: unapata 2000. Nilikuwa najaza shimo la choo kwa kijiko cha chai. Simlaumu muuzaji peke yake. Hesabu ile ningeifanya nyuma ya risiti kabla ya kulipa.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kitu kinajiponya, muulizeni kinapona kwa kitu gani na hicho kitu kimetoka wapi. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walitengeneza plastiki yenye vidonge vidogo vya gundi ndani yake. Ufa ukipita, vidonge vinapasuka, gundi inamwagika, ufa unajifunga, na plastiki ilirudisha hadi asilimia 75 ya ukinzani wake dhidi ya ufa. Kazi nzuri, iliyofungua njia. Lakini kidonge kilichopasuka kimepasuka. Hilo ni pipa bila bomba, lenye ndoo chache pembeni, na kwa uso unaosuguliwa mara elfu tatu kwa dakika ndoo hizo ni za asubuhi moja.

Upande wa pili kuna shaba. Mwaka 1956, huko Umoja wa Kisovieti, Garkunov na Kragelsky waliona kwamba shaba nyeusi, ile iliyochanganywa na bati, ikisuguana na chuma ndani ya glisirini, shaba tupu hutoka na kufunika nyuso zote mbili kwa filamu laini, na kulika kunakaribia kukoma. Tundu linavuja, na kinachovuja kinarudi kwenye bomba. Inapendeza sana. Lakini waulizeni mafundi wa friji. Wao hufungua kompresa mbovu wakakuta chuma kimepakwa shaba iliyosafiri kutoka kwenye mabomba, na kwao hiyo ni habari mbaya, maana shaba ikinenepa inaziba nafasi ndogo iliyoachwa kati ya vipande na kila kitu kinabana. Haba ikishinda bandu kupita kiasi, nayo ni maradhi.

Na mwili wenyewe usituhadae kwamba una majibu yote. Gegedu la gotini, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ni utelezi ambao beringi nyingi hazijaufikia, lakini halina mishipa ya damu, na likiumia linapona kwa shida sana. Ngozi ya kisigino inakwaruza kama msasa, nayo inapona kila siku. Kuteleza ni jambo moja, kupona ni jingine.

Mtaniuliza haya yote yana faida gani kwa mtu anayekunja mabati. Wachunguzi wawili, Holmberg na Erdemir, walikadiria mwaka 2017 kwamba kama asilimia 23 ya nishati yote inayotumika duniani inaishia kwenye msuguano na kulika: asilimia 20 kuushinda msuguano, na 3 kutengeneza upya vilivyolika. Kamukunji tunaishi ndani ya zile 3. Patasi zinazonolewa, mashine za kukunja zinazolegea, beringi za mikokoteni. Gharama yake hamuioni kwa sababu inalipwa bandu bandu.

Sitaki kumaliza bila kujibu swali la kijana aliyenikamata mlangoni. Aliniuliza, mashine yake ya kutoboa, ambayo ni ya kuokoteza na ina miaka zaidi ya yake mwenyewe, ina filamu hiyo ama haina? Nikamwambia filamu ya zinki ina rangi. Ikiota vizuri huuonyesha uso rangi ya kahawia au samawati, kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji ya barabarani. Hapa mezani nimeleta vipande viwili vya chuma vilivyokatwa kutoka ufito mmoja. Kimoja kimesuguliwa kwenye mafuta matupu, kingine kwenye mafuta ya injini, mzigo uleule, saa mbili zilezile. Vipitisheni mkono kwa mkono, mvielekeze dirishani mtaiona ile samawati. Vishikeni kwa kitambaa, tafadhali, maana sugu za wazee wangu wa hapa mbele zitaiondoa hiyo filamu kabla haijafika safu ya tatu.